Unashuka Wapi?

Nilipotangaza nyumbani kwamba nakwenda Bombei, hakuna aliyeuliza nakwenda kufanya nini. Wote waliuliza, "Na nani?" Nikisema peke yangu wananyamaza kidogo, kisha wanarudia swali lile lile kwa sauti ya chini, kana kwamba kuna mtu namficha. Mjomba ndiye aliyekuwa mkali kupita wote. Alinikumbusha habari ya Januari 2016, binti wa Kitanzania, mwanafunzi, alivyovamiwa na kundi la watu kule Bengaluru, wakampiga na kumchania nguo kwa ajali aliyoisababisha mtu mwingine kabisa. Kosa lake lilikuwa kupita pale akiwa Mwafrika.

"Bengaluru siyo Bombei, Mjomba," nikamwambia. "Ni mwendo wa karibu kilomita elfu moja."

"Na hao watakaokuvamia utawapimia hizo kilomita?"

Sikuwa na jibu. Nilikuwa na tiketi tu, na tiketi ilikuwa haibadilishwi.

Nasema Bombei kwa sababu jina hilo ndilo tulilolikuta nyumbani. Mji wenyewe ulibadilishwa jina 1995 ukawa Mumbai, lakini nenda kamwambie mzee wa Tanga "Mumbai" uone kama hatakuuliza ndiyo wapi huko. Hata wenyeji nimewasikia wakiyachanganya majina yote mawili ndani ya sentensi moja, wala hawaoni tabu.

Aliyenituma, kama naweza kusema nimetumwa, ni mama. Mwaka 2012 alipelekwa huko kwa rufaa kufanyiwa upasuaji wa moyo. Siku hizo ndiyo ilikuwa njia. Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete pale Muhimbili ilikuja kuanza 2015, na tangu hapo wengi wanatibiwa hapa hapa Dar. Mama alikaa Bombei wiki 5. Aliingia mjini usiku amelazwa kwenye gari la hospitali, akatoka mjini usiku kwenye gari la hospitali. Mji wote aliujua kwa masikio. Dirisha la wodi lilikuwa juu, yeye yuko chali, haoni kitu ila mbingu ya rangi ya majivu, lakini anasikia. Kwanza alisikia kunguru. Anasema alipozinduka baada ya upasuaji kitu cha kwanza kilikuwa kunguru wanagombana, akajua hajafa, yuko Kariakoo. Wala hakukosea sana, maana wale kunguru wetu walitoka India. Waliletwa Unguja mwishoni mwa karne ya 19 ili wale takataka, wakazaana, wakafika Dar, na leo wanakupora samaki mkononi pale Feri.

Halafu alisikia treni. Reli ilipita chini ya hospitali. Mama anakwambia treni za Bombei zinalala saa saba usiku na kuamka saa kumi alfajiri, na zile saa tatu za katikati ndizo mgonjwa anaogopa, kwa sababu kimya kinamfanya asikilize moyo wake mwenyewe. Na katika zile treni, mama anasema, kulikuwa na treni inayoimba. Siyo honi. Inaimba, kwa matari, watu wanaitikiana, inapita na wimbo wake inapotea. Wauguzi walimwambia ni dawa za usingizi, zitaisha mwilini. Nyumbani wengi walikubaliana na wauguzi. Mama mwenyewe akaacha kuisimulia, ila mara moja moja, akiwa anachambua mchele, utamsikia: "Lakini mimi niliisikia."

Siku ya kuondoka hakunipa nasaha nyingi. Alisema, "Kaniangalizie kule nje ya dirisha kuna nini."

Nilibadilisha ndege Addis Ababa, nikatua Bombei alfajiri ya Jumatano, tarehe 21 Juni 2023. Mtu wa Dar hatishwi na joto, lakini lile lilikuwa jingine. Mvua zao, ambazo kwa kawaida hufika kama tarehe 11 Juni, zilikuwa zimechelewa. Mji mzima ulikuwa umetoka jasho na kukunja uso. Kila mtu anatazama juu, dereva wa teksi anatazama juu, muuza maembe anatazama juu. Na mvua hiyo wanayoingojea, ukiifikiri vizuri, inatoka kwetu. Kusi linalopuliza pwani yetu kuanzia Aprili hivi ndilo likishavuka ikweta linageuka, linaokota maji baharini, linakwenda kuyamwaga India. Manahodha wa majahazi walijua zamani: kusi la kwendea, kaskazi la kurudia. Kwa hiyo na mie nilikuwa nimekwenda na upepo wangu, ijapokuwa kwa ndege.

Nyumba ya wageni niliyoiandikia kabla ya safari, na ikanijibu kwamba chumba kipo, iliniona usoni ikasema chumba hakipo. Yule kijana wa mapokezi hakunitazama mara ya pili. Nilipokuwa nainama kukaza kamba ya begi wakaingia mume na mke, hawana hata karatasi, wakapewa ufunguo. Basi. Nikatoka. Sikugombana, maana ugomvi nao unataka shahidi, na mie nilikuwa peke yangu kama nilivyoambiwa nyumbani. Nikatembea na begi juani kwenye mitaa ambayo sikuijua jina, nyumba ya pili ikasema imejaa, ya tatu ikanipokea: chumba juu ya duka la mabegi karibu na soko la Crawford, ukinyoosha mikono unagusa kuta zote mbili. Mwenye nyumba ni mzee aliyenijazia fomu ya wageni kwa mwandiko mzuri wa polepole, akauliza, "Tanzania? Dar es Salaam?" Nikaitika. Akasema shangazi yake aliwahi kuishi huko, akaniletea feni ya pili.

Siku mbili za kwanza nilitembea tu kwa miguu. Kuna watu wakifika mji mgeni wanakwenda kwanza kwenye yale majengo ya kwenye picha. Nami niliyaona, sikatai. Ile stesheni kuu, iliyomalizwa 1888 na ikaitwa kwa jina la malkia wa Kiingereza, sasa ina jina la mfalme wa Kimaratha, Chhatrapati Shivaji Maharaj. Inakufanya usimame mdomo wazi kama mshamba, maana huwezi kujua kama ni ikulu, kanisa au msitu wa mawe. Lakini kilichonishika zaidi ni masikio. Labda nimerithi.

Hebu fikiri, msomaji. Uko katikati ya barabara ya Mohammed Ali, watu wanakupita pande zote kama maji, mbuzi wa Idi wamefungwa kwenye nguzo za taa wakila majani juu ya magazeti, honi hazinyamazi, hujui lugha, na ghafla katikati ya makelele hayo mtu anasema "gari". Unageuka. Mwingine anasema "duka", au kitu kinachokaribia sana duka. Mwingine anahesabu fedha, unasikia "paisa", unasikia "lakh", nayo ni laki yetu ile ile, elfu mia. Safari wanayo, msafiri wanaye, dunia wanayo, kitabu wanacho, chai ndiyo usiseme. Dobi wanaye, tena wanao kiwanja kizima pale Mahalaxmi, mamia ya mabirika ya saruji na watu wamesimama ndani ya maji wakizipiga nguo za mji mzima. Ni kama kuingia nyumba ya mtu usiyemjua ukakuta vyombo vya kwenu kabatini.

Ila vyombo hivyo vimewekwa mahali pengine. Omba chapati, utapewa mkate mkavu mwembamba usio na tabaka wala mafuta. Chapati yetu ya kusukuma inafanana zaidi na paratha yao. Omba kachori, utapewa kitu kingine kabisa. Kachori ya kwetu, ile ya kiazi kilichopondwa na kuchovywa unga wa dengu, utaikuta imetiwa ndani ya mkate pamoja na chatne na pilipili nzima ya kukaanga, inaitwa vada pav, na ndiyo chakula cha kila mtu mwenye haraka. Nilikula mbili nimesimama. Ya tatu nikaila nimekaa, kwa heshima.

Na bajaji! Zile za magurudumu matatu, ambazo sisi tumezipa jina la kiwanda cha huko huko kwao, haziruhusiwi kuingia upande wa kusini wa mji. Kusini ni teksi nyeusi na manjano, mabasi, na miguu yako.

Sasa ule mtihani wenyewe. Kila nilikosimama niliulizwa, "Unatoka wapi?" Muuza maji aliuliza. Askari wa soko aliuliza. Vijana watatu walitaka kupiga picha na mimi, wakauliza baada ya kupiga. Wengine hawaulizi, wanajibu wenyewe kwa sauti kutoka ng'ambo ya barabara: "Africa!" au "Nigeria!" Wapo waliouliza kwa wema kabisa, na wapo waliouliza kama mtu anayekagua mzigo. Tatizo lake swali hili ni moja. Likishaulizwa mara kumi kwa siku linaacha kuwa swali, linakuwa kama kidole kinachokugusa begani: wewe siyo wa hapa, wewe siyo wa hapa.

Alhamisi jioni, kwenye kibanda cha chai upande wa Dongri, nikamwona mzee. Msomaji, ningekutana naye Lindi ningempa shikamoo na kuuliza hali ya watoto. Rangi, nywele, pua, mpaka namna ya kukunja mguu mmoja juu ya benchi. Mdomo ukanitoka: "Shikamoo, mzee." Akatabasamu, akatikisa kichwa, hakuelewa kitu. Kijana wa kibanda akatufasiria kwa Kiingereza chake. Mzee alikuwa Sidi, kwao Jamnagar, Gujarat, na baba yake huko huko, na babu yake huko huko. Hao Masidi ni watu ambao wazee wao walivuka bahari hii kutoka upande wetu na upande wa Uhabeshi, wengi kama watumwa, wengine kama mabaharia na askari. Kusini ya Bombei walitawala mpaka ngome ya kisiwani, Janjira, ambayo Wamaratha walijaribu kuiteka tena na tena wasiiweze.

Mzee hakujua habari za Kilwa wala Unguja. Lugha yake ni Kigujarati na Kihindi. Lakini kijana alipomwambia natoka Afrika Mashariki alipiga ukingo wa benchi kwa viganja, tatu-mbili, tatu-mbili, akasema, "Goma." Ndivyo wanavyoiita ngoma yao, ile wanayoicheza kwa walii wao Bava Gor. Nikasema, "Ngoma." Akasema, "Goma." Tukacheka. Halafu akaniambia jambo ambalo kijana alilifasiri huku anatazama chini: kwamba naye kila siku huulizwa anatoka wapi, yeye ambaye hajawahi kutoka India hata siku moja.

Nilipokuwa narudi chumbani nilimkumbuka jirani yetu wa Upanga, muuza vitambaa. Babu yake alizaliwa Tanga. Anaongea Kiswahili cha mafumbo kuliko sisi wote, akikununia kwa methali hutoki. Na wateja bado wanamuuliza, "Kwenu hasa wapi?" Hujibu, "Kwetu ghorofa ya pili."

Usiku mama alipiga simu. "Umeona nini?" Nikamwambia kuhusu mzee. "Na treni?" akauliza. Nikamwambia kesho.

Sasa niseme ukweli kuhusu treni za Bombei, maana nyumbani mtu akilalamika kubanwa kwenye daladala ya Mbagala huwa namheshimu. Zinabeba watu zaidi ya milioni 7 kwa siku. Milango haifungwi. Zinasimama stesheni kama sekunde ishirini, ukizubaa imeondoka, na mabehewa ya wanaume unayaona watu wamening'inia nje kama zabibu. Siyo mchezo wa kuigiza: kwa mwaka watu zaidi ya 2,000 hufa kwenye reli za mji ule, wengine kwa kukatiza njia, wengine kwa kuanguka mlangoni. Lakini wanawake wana mabehewa yao, yenye picha ya mwanamke ubavuni, na mwaka 1992 ilianzishwa hata treni nzima ya wanawake watupu kutoka Churchgate kwenda Borivali. Usiku askari hupanda humo kulinda.

Ijumaa jioni nilikwenda Churchgate, saa ya watu kutoka kazini. Tiketi ya daraja la pili ni rupia chache tu, bei ya chini kabisa ni 5. Treni ikaingia. Haijasimama bado, mama mmoja wa makamo, mwenye sari na mkoba wa ofisi, akaruka ndani kama golikipa. Wakamfuata wengine. Kufumba na kufumbua viti vyote vimekwisha, nami bado niko kwenye jukwaa nimetoa macho. Nikasukumwa ndani. Sikuingia, niliingizwa.

Benchi ni la watu watatu, wanakaa wanne. Wa nne anakalia kalio moja na kumshukuru Mungu. Nilisimama katikati ya magoti yao nimeshika mpini wa juu, jasho linanitiririka mgongoni, nikingoja kidole changu cha begani. Na kweli, mama aliyekaa dirishani akaniinulia macho, akauliza kitu kwa Kihindi. Nilikuwa nimelijibu swali lile siku tatu mfululizo. Nikajibu, "Tanzania."

Benchi zima likaangua kicheko. Wakaambiana, kicheko kikahamia benchi la pili, la tatu, mpaka mlangoni. Binti mmoja mwanafunzi, mwenye kitabu cha hesabu za biashara kifuani, ndiye aliyeniokoa kwa Kiingereza. "Hakuuliza unatoka wapi," akasema. "Ameuliza unashuka wapi. Treni hii haifiki Tanzania, mwisho Virar."

Kisha akanifundisha sheria. Ukisimama humo unamuuliza aliyekaa, unashuka wapi? Akikwambia Bandra, kiti chake cha kuanzia Bandra ni chako, umeshakirithi, na hakuna atakayekunyang'anya hata awe mke wa waziri. Mwenye kiti ana mrithi wake, na mrithi ana mrithi wake, mpaka mwisho wa njia. Hakuna karatasi, hakuna konda. Aliyekaa naye anakuuliza wewe uliyesimama, ili ajue kama inafaa kukupa ahadi au unashuka kabla yake. Ndiyo maana yule mama aliniuliza. Hakuwa na haja na pasipoti yangu. Alikuwa anataka kujua kama mimi ni mtu wa kupewa kiti.

"Dadar," nikamwambia. Akafikiri, akasogea, akampiga kumbo jirani yake, ikapatikana nafasi ya kalio moja. Nikakaa.

Maisha ya humo ndani, we acha tu. Mmoja alitandaza mfuko wa plastiki magotini akamenya njegere mpaka zikajaa bakuli. Akifika nyumbani ni kubandika sufuria. Mwingine alichambua mchicha. Akapita muuza hereni na vibanio vya nywele, amevining'iniza kwenye duara la waya kama chandarua, mabenchi mawili yakajaribu hereni na kushauriana kuhusu uso wa mtu wasiyemjua. Kulikuwa na ugomvi pia, mkali, kuhusu begi lililomkwaruza mtu, ukadumu stesheni tatu, ukaisha kwa mmoja kumshikia mwenzake mtoto. Walinipa njegere mbichi nikatafuna. Hakuna aliyetaka kupiga picha na mimi.

Stesheni mbili kabla ya Dadar wakaniinua kwa nguvu. Binti akasema kushuka Dadar siyo jambo la kungoja kufika. Unajipanga mlangoni mapema, usipojipanga utapelekwa Bandra. Wakanipitisha mkono kwa mkono. Nikatemwa kwenye jukwaa, kiatu kimoja kimevuka, pochi iko salama.

Nilimsimulia mama usiku ule. Alicheka mpaka akakohoa. Hakuuliza habari ya ile treni nyingine, na mie sikuitaja, ila nilijua anachongoja kwa jinsi alivyochelewa kukata simu.

Jumamosi mchana nilikwenda kwa Haji Ali. Kaburi lake na msikiti viko kwenye mwamba baharini, na njia ya kwendea ni ukuta mwembamba katikati ya maji. Maji yakijaa sawasawa hufunika njia, yakipwa ndipo watu wanapita. Watalii walikuwa wakiulizana saa ngapi ni salama. Mtoto wa pwani haulizi saa, anauliza mwezi. Idi ilikuwa Alhamisi ijayo, tarehe 29, kwa hiyo mwezi ulikuwa na siku tano, bamvua lilikwisha kupita. Nikaenda zangu. Kwa miaka kadhaa wanawake walizuiwa kulikaribia kaburi lenyewe, mpaka kesi ilipokwenda mahakama kuu na uamuzi wa 2016 ukafungua mlango. Niliingia na wanawake wengine, kila mmoja na lake moyoni. Langu mnalijua.

Niliporudi kwenye ile njia upepo ulikuwa umegeuka. Bahari ilikuwa nyeusi kama risasi. Halafu ikaja, haikunyunyiza, ilimwagika. Watu hawakukimbia! Wazee na watoto walisimama pale pale wameinua nyuso. Kesho yake idara yao ya hali ya hewa ilitangaza kwamba mvua za msimu zimefika Mumbai na Delhi siku moja, jambo ambalo halikuwa limetokea tangu 1961. Lakini mji wenyewe ulikwisha kujua Jumamosi. Ni mji unaoipenda mvua na kuiogopa. Kila mtu mzima anayo hadithi yake ya tarehe 26 Julai 2005, siku zilipoanguka milimita 944 na watu wakafa kwa mamia.

Nikafika stesheni ya Mahalaxmi nimelowa chapa. Badala ya kurudi chumbani nikapanda ya kwenda kaskazini. Jina la stesheni ya hospitali ya mama nilikuwa nimeliandika kwenye karatasi, nikalihifadhi ndani ya kifuniko cha simu.

Treni ilitembea kwa kusitasita, maji yalikuwa yameanza kupanda kati ya reli. Ndani wanawake walibanana upande wa madirisha, wametoa mikono nje kupitia nondo, wanakinga mvua kwenye viganja na kurushiana. Nilipata kiti kwa urithi wa halali. Tukapita Dadar, tukaendelea. Kisha nikasikia matari.

Mwanzoni nilidhani ni bati linagongwa na mvua. Lakini lilikuwa na mapigo, na juu ya mapigo sauti moja ya kiume ikapanda, na sauti nyingi zikaitikia. Ilitoka behewa la jirani, la wanaume. Nikamtazama mama aliyeketi pembeni yangu. Akasema, kama mtu anayeeleza kwamba maji yanalowesha, "Bhajan." Watu wa ofisi, akanieleza, wanaopanda treni moja kila siku, behewa moja, wamebeba matari na vijigoma vyao, asubuhi wanaimba kwenda kazini, jioni wanaimba kurudi. Nyimbo za dini. Miaka na miaka.

Nikatoa simu. Mikono ilikuwa inatetemeka, nikaifuta kwenye nguo iliyolowa, haikusaidia kitu. Nikarekodi. Wakati narekodi treni ikapunguza mwendo zaidi, na kushoto likajitokeza jengo refu la madirisha madogo madogo, taa zimewashwa mapema kwa ajili ya giza la mvua, limeinamia reli kama mtu anayechungulia kisimani. Nilijaribu kuhesabu ghorofa. Mama alisema ya nne. Madirisha yote yalikuwa yamefungwa, ila moja liliachwa wazi kidogo, na pazia lake lilikuwa linalowa. Wale wanaume wakaendelea kuitikiana. Kunguru watano walikuwa wamejikunyata kwenye ukingo wa ghorofa ya tatu.

Mtu akanigusa begani. Ni msichana aliyesimama na mtoto, maji yanamtiririka kwenye nywele. "Unashuka wapi?" Safari hii nilielewa bila mfasiri.

"Inayofuata," nikamwambia, nikasimama, akakaa, akamweka mtoto magotini. Nikaanza kujipenyeza kwenda mlangoni.

Kwenye jukwaa nilisimama chini ya bati, maji yananifika kwenye vifundo, nikautuma ule wimbo. Dar ilikuwa saa tisa na nusu mchana. Nikaona ameufungua. Nikangoja. Akaufungua tena, najua kwa sababu hakuandika kitu kwa muda mrefu kuliko urefu wa wimbo. Halafu ikaja sauti yake, na nyuma yake kunguru wa kwetu wanapiga kelele uani.

"Umelowa?"

"Nimelowa, mama."

"Tafuta nguo kavu kwanza," akasema. "Halafu nipigie uniambie lile jengo lina rangi gani."